Aliyezima Pampu ya Lihanje

Zamani mtu wa uwanda wa Makonde akikuambia maji yamekwisha, alikuwa na maana kwamba mvua imekwisha. Siku hizi ana maana kwamba namba fulani imeandikwa vibaya ndani ya kisanduku asichokijua.

Yoeli Mnanjota aliziishi zama zote mbili. Mama yake alikuwa mtu wa Kitangari, na kila kiangazi aliteremka bondeni alfajiri na mtungi kichwani, akarudi jua likiwa utosini, mtungi mmoja tu, wa kunywa na kupikia. Kuoga kulisubiri mvua. Yoeli alipokuwa mtu mzima na akapewa kazi ya kuyasukuma maji yaleyale kwa umeme mpaka juu ya mlima, hakuiita ajira. Aliiita deni la mama. Akaifanya miaka ishirini na sita.

Shule hakuimaliza. Alikulia Chidya, baba yake akiwa mtunza jenereta ya misheni, na elimu yake ya umeme aliipata kwenye kitabu kimoja cha Kiingereza alichookota stoo, akisaidiwa na kamusi iliyoliwa na mchwa kuanzia A mpaka D. Maneno ya herufi hizo nne aliyajua kwa kuyashika kwa mkono. Wakati ule fundi alipimwa kwa kazi. Ungeweza kukaa miaka mitatu unashika taa tu, mkubwa wako anafanya kazi, wewe unatazama, huulizi, na siku utakapopewa bisibisi unajua tayari inaelekea wapi. Leo kijana anapewa cheti kwanza, bisibisi baadaye, na wengine bisibisi haiwafikii kabisa.

Kituo cha Lihanje kina pampu mbili, kubwa, zinazopokezana. Umeme wake unatoka mbali, na ukiwa mwisho wa laini unapokea makombo. Volti zinazotakiwa ni mia nne. Zinazofika ni mia tatu na themanini siku ya heri, na msimu wa korosho, viwanda vya kubangulia vinapowasha mashine zao, zinaporomoka. Sasa mota haipunguzi kazi kwa sababu umeme umepungua. Mlima ni uleule, maji ni yaleyale. Ni kama mtu mwenye njaa aliyebebeshwa gunia lilelile: anatweta, anavuta pumzi mara mbili, anachemka, na usipomtua anaangukia njiani. Ndiyo maana pakawekwa rilei, mlinzi anayezitazama volti usiku na mchana. Zikishuka kupita kiasi, anakata, pampu inasimama, mota inapona.

Lakini mlinzi lazima aelezwe mambo mawili: volti zikishuka hadi ngapi, na akae muda gani kabla ya kukata. Hapo ndipo ufundi ulipo.

Yoeli aliipanga rilei ya zamani, ile yenye kisahani cha bati kinachozunguka taratibu nyuma ya kioo, bila saa ya kupimia. Hakuwa nayo. Aliona kwamba kiwanda kikiwasha mashine yake kubwa, umeme unazama kisha unaibuka wenyewe, na kuzama kule kunaanza na kuisha ndani ya Baba Yetu, hapo kwenye duniani kama mbinguni. Basi akakikaza kisahani kikate pale tu sala inapofika kwenye mkate wa kila siku. Umeme ukiwa bado haujarudi mpaka mkate, basi haurudi, kata. Rilei ile ilifanya kazi kwa sala hiyo miaka yote, na hakuna mota iliyoungua.

Alipostaafu alirudi Chidya kwenye mikorosho yake. Mwaka wa pili mkandarasi akaja Lihanje na paneli mpya, rilei ya kioo cha namba na vitufe, na ile ya kisahani ikatupwa kwenye tela la vyuma chakavu. Mhandisi kijana anayeitwa Cecil akaipanga mpya kama kitabu kinavyosema: chini ya volti mia tatu na sitini, nusu sekunde, kata. Akaifunga kwa namba ya siri, akaondoka.

Mwezi wa kumi Ladislaus, mwendesha pampu aliyefunzwa na Yoeli, akapiga simu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Sema, mbona sauti imekauka?"

"Mota ya kwanza imeungua, mzee."

Yoeli aliitia simu mfukoni, akaenda ndani, akavaa viatu. Mkewe Julia alimkuta anatafuta kipimavolti chake chini ya kitanda.

"Baba Huruma, wale wamekuita?"

"Waniiteje? Hawanijui."

"Basi unakwenda kama nani?"

"Kama mwenye mota moja iliyobaki," akasema, akaondoka.

Alipanda basi mpaka Masasi, akapata gari la Newala, akashukia njia panda na kuteremka bondeni kwa pikipiki. Saa nne kasoro alikuwa Lihanje. Kabla hajaingia mlangoni alisikia mlio. Mota nzima ina wimbo. Hii ilikuwa inakoroma kama mgonjwa. Aliweka kiganja kwenye mgongo wake, akakitoa haraka. Akachomeka kipimavolti. Mia tatu na kumi na nane.

Akatazama paneli. Rilei mpya ilikuwa inawakawaka taa nyekundu, inalalamika, na pampu haisimami. Akafungua mlango wa paneli na kuona sababu: kipande cha waya mwekundu, urefu wa shubiri, kimeunganishwa kuvuka miguu ya rilei ili amri yake ya kukata isifike popote. Na rilei ya joto, ile ya pili inayopaswa kuokoa mota ikichemka, ilikuwa imezungushwa mpaka mwisho wa namba zake.

"Ladislaus!"

Ladislaus alikuwa nyuma yake, ameshika kofia kwa mikono miwili, mtu wa miaka arobaini na kitu amesimama kama mwanafunzi.

"Nani kaifunga mdomo?"

"Mimi, mzee."

"Mimi ndiye niliyekufundisha hivi?"

"Hapana, mzee. Ilikuwa inakata mara kumi na moja kwa siku. Kumi na moja! Nikiwasha, maji hayajafika nusu ya mlima, inakata. Juu kukawa hakuna tone." Akaigeuza kofia mikononi. "Kisha mkwe wangu akaagiza."

Yoeli alifumba macho. Alijua yanayofuata. Ladislaus alioa Kitangari na kuhamia kwa mkewe, kama ilivyo desturi, na mama mkwe haongei na mkwewe ana kwa ana. Maneno hupita kwa binti. Na yakishapita, hayana jibu isipokuwa kutendwa.

"Alimtuma Bibiana. Akasema, mwambie mumeo leo nimepika uji kwa maji niliyooshea mchele juzi. Basi. Hakuniomba, mzee. Alinipa habari tu. Ningemjibu nini? Kwamba kuna namba kwenye kisanduku? Mimi naoga nyumbani kwake."

"Na mota ya kwanza?"

"Iliungua na waya huohuo. Nikauhamishia kwenye miguu ya mota hii."

"Ladislaus. Mkwe wako ungemwomba radhi kwa jogoo, yakaisha. Mota hii utaiomba radhi kwa nini?"

Akanyoosha mkono, akazima pampu.

Ukimya ulivyoingia mle ndani, hata Ladislaus alirudi nyuma hatua moja. Huko juu watu elfu kadhaa walikuwa wanaisubiri ile sauti bila kuijua. Yoeli akachomoa waya mwekundu, akauviringa kidoleni, akautia mfuko wa shati.

Saa tano akafika Gervas, meneja wa mradi, na viatu vilivyopigwa rangi.

"Nani amezima?"

"Shikamoo kwanza," akasema Yoeli.

Gervas alikuwa mdogo kwake kwa miaka ishirini na tano. Ilimtoka kwa shida. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimezima mimi."

"Kwa mamlaka gani? Umestaafu wewe. Hata kadi ya kuingilia huna."

"Sina. Mota ilikuwa na volti mia tatu na kumi na nane na rilei imezibwa. Ingeungua kabla ya adhuhuri. Nyingine inatoka wapi?"

"Imeagizwa."

"Inafika lini?"

Gervas akatazama nje. "Mwezi wa pili. Au wa tatu."

"Mwezi wa kumi huu. Piga hesabu ya mitungi."

"Mzee, mimi napigiwa simu na wilaya. Washa pampu. Nitaita polisi."

"Waite. Na fundi wa kuwasha umwite pia." Akautoa ule waya na kumnyooshea. "Ama ufunge wewe. Haya. Pale, mguu wa tano na wa sita."

Gervas aliutazama mlango wa paneli kama mtu anayetazama shimo la nyoka. Akamgeukia Ladislaus. "Funga."

Ladislaus alitazama kofia yake. "Bosi, mimi nimeua moja. Ya pili hapana."

Yoeli akaurudisha waya mfukoni. Hapo ndipo simu yake ilipolia. Alikuwa Shamsia, mwuza maji wa kioski cha Kitangari, mwanamke mwenye sauti inayofika Newala mjini bila mtandao.

"Shikamoo, Baba Huruma."

"Marahaba, mwanangu."

"Hiyo marahaba kaa nayo. Nina ndoo zimepangwa hapa mpaka kwenye uzio wa shule, bomba linakohoa hewa, na mtu ananiambia aliyefunga ni wewe! Wewe, mtoto wa dada zetu!"

"Ni mimi."

"Umelewa?"

"Bado."

"Kuna mama hapa ana kichanga. Nimwambieje?"

Yoeli alisogea kwenye swichi ya pampu. Angeweza kuwasha saa moja tu, kwa ajili ya kichanga. Saa moja. Lakini alitazama kipimavolti: mia tatu na ishirini na mbili. Akajua kwamba huruma ya saa moja ndiyo iliyoua mota ya kwanza.

"Mwambie leo nimemnyima," akasema, "ili kesho asinyimwe. Na wanaolaani, wape jina kamili. Yoeli Mnanjota. Wasimlaani Ladislaus kwa makosa."

"Wamekwisha kulipata jina," akasema Shamsia, akakata.

Cecil alifika saa nane kutoka Masasi, amevaa kofia ya plastiki ambayo mle ndani haikuwa na kazi. Alikuwa na adabu, hilo Yoeli alilikubali. Alitoa shikamoo kabla ya kuvuka kizingiti. Lakini alipoambiwa namba zake ni mbaya, alitabasamu tabasamu lile la watu waliosoma.

"Mzee, hizo ni namba za mtengenezaji wa mota. Asilimia kumi chini, hairuhusiwi zaidi."

"Mtengenezaji amewahi kufika Lihanje?"

"Hapana."

"Basi hajui kwamba kiwanda kikiwasha, umeme unazama na kuibuka. Wewe umempa mlinzi nusu sekunde. Mlinzi gani anayepiga kipenga kila kuku akipita?"

"Unazama kwa muda gani? Umepima?"

"Mpaka duniani kama mbinguni."

Cecil alimtazama Gervas. Gervas akacheka, cheko la kwanza tangu aingie. "Mhandisi, huyu anapima kwa Baba Yetu. Ya Kianglikana, ile ya polepole. Angekuwa Mkatoliki mwenzangu, rilei ingekata mapema."

"Cheka," akasema Yoeli. "Kwa sala hiyo hakuna mota iliyoungua. Kwa namba zenu, ngapi?"

Cheko likafa.

Cecil akafungua kompyuta yake, akaunga waya kwenye rilei. Alitaka, alisema baadaye, kumwonyesha mzee kwamba amekosea, kwa heshima. Kioo kikajaa mistari. Akateremsha mistari, akaipandisha tena.

"Nini?" akauliza Yoeli.

"Inaweka kumbukumbu. Kila volti zinaposhuka, inaandika saa, zilishuka hadi ngapi, na zilirudi baada ya muda gani." Akamsogezea kompyuta. "Sekunde sita na nukta tatu. Sita na nukta moja. Sita na nukta tano. Zote ni hivyo, mzee. Mamia."

Yoeli aliinama, akasogeza miwani. Kisanduku alichokidharau tangu asubuhi kilikuwa kimeandika alichokuwa akikisema, kwa mpangilio, bila kukosa hata siku moja. Hakufurahi. Ilimchoma.

"Kumbe kinakumbuka?"

"Kinakumbuka kila kitu."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipokifunga."

"Na miezi yote hii hakuna aliyekiuliza."

Cecil aliteremsha mistari zaidi mpaka akafika tarehe ambayo Ladislaus aliijua kabla haijasomwa. Volti mia tatu na kumi na moja. Amri ya kukata imetolewa. Volti hazikurudi kwa dakika arobaini.

"Iliagiza kata," akasema Cecil taratibu. "Dakika arobaini nzima ilikuwa inaagiza."

Ladislaus akavaa kofia, akatoka nje, akakaa kwenye jiwe. Yoeli alimwacha. Kuna aibu ambayo mtu hatakiwi kusaidiwa kuibeba.

"Sasa andika," akamwambia Cecil. "Mlinzi ana macho mengi kuliko yangu, basi mpe ngazi mbili. Ya kwanza: chini ya mia tatu na arobaini, asubiri sekunde tisa, ndipo akate. Ya pili: chini ya mia mbili na themanini, hiyo ni ajali, asisubiri kitu. Na pampu ikishakata, isiwashwe mpaka volti zipande mia tatu na sabini na zitulie dakika tano. Ile ya joto irudishe ilipokuwa."

"Na mia tatu na kumi na moja kama siku ile?"

"Ikate! Nani amekwambia nataka isikate? Siku ya umeme mbovu pampu ilale, na watu waambiwe ukweli. Rilei isiyojua kusubiri ni mpumbavu. Iliyofungwa mdomo ni maiti."

Cecil alipiga simu makao makuu. Walimwambia asubiri barua ya kibali. Aliuliza itachukua muda gani, akasikiliza, akaiweka simu juu ya paneli. Alikaa akiitazama ile mota ya kwanza kando ya ukuta, nyeusi kwenye matundu, harufu ya vanishi ya nyaya iliyoungua bado imo. Kisha akaandika namba ya siri.

Walisubiri volti zipande. Zilipanda kwa kusitasita, kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa. Saa tisa na robo zikafika mia tatu na sabini na mbili, zikatulia. Dakika tano zilipotimia Ladislaus aliingia bila kuitwa, akawasha.

Saa kumi kiwanda kikawasha mashine yake. Taa za kituo zikafifia. Mota ikaguna, ikashuka sauti, na Gervas akamshika Cecil mkono bila kujua. Yoeli alisimama wima katikati ya chumba, midomo inacheza, hatoi sauti. Alipofika duniani kama mbinguni, taa zikarudi. Mota ikapandisha sauti yake palepale ilipoiachia. Maji yakaendelea kupanda mlima.

Hakuna aliyepiga makofi. Shamsia naye hakupiga simu kusema asante, na Yoeli hakuitarajia. Maji yakifika watu wanachota, hawapigi simu.

Gervas akatoa karatasi mbili. Ya kwanza ilikuwa ripoti: mipangilio mipya ya rilei imefanywa na mhandisi wa mkandarasi baada ya uchunguzi wa kitaalamu. Jina la Yoeli halikuwamo. Ya pili ndiyo ilikuwa yake. Ilisema kwamba yeye, raia asiye mtumishi, aliingia kituoni bila ruhusa, alisimamisha huduma ya maji kwa saa tano, anajutia kitendo hicho, na hatakanyaga tena kituo cha Lihanje.

"Ni utaratibu tu, mzee," akasema Gervas. "Wilaya wanataka kitu cha kuweka kwenye faili. Tia sahihi tumalize kwa amani."

Cecil alikuwa amesimama kwenye ngazi za mlango, hamtazami mzee. "Meneja, jina lake lingeingia kwenye ripoti."

"Kama nani? Cheo chake nini?"

Yoeli alichukua kalamu. Aliisoma karatasi yote, neno kwa neno, kama alivyozoea kusoma tangu siku za kamusi ya mchwa. Kisha akapiga mstari juu ya neno *anajutia*, mstari mmoja ulionyooka, na chini kabisa, kwa mwandiko wa wanafunzi wa misheni wa enzi zile, akaandika: 340, sekunde tisa. 280, papo hapo. Nilizima mimi, Yoeli Mnanjota. Mkiiziba tena, nitakuja kuzima tena.

Akatia sahihi. Akaupachika waya mwekundu kwenye karatasi kwa pini iliyokuwa imeshika karatasi za Gervas mwenyewe, akamrudishia.

"Sasa faili lina kitu," akasema.

Pikipiki ilikuwa inamsubiri getini. Alipanda nyuma, akamshika dereva bega, na walipofika kwenye kona ya kwanza ya mlima aligeuka, jambo ambalo mgongo wake haulipendi. Watatu walikuwa bado wamesimama getini. Gervas ameshika karatasi mbali na mwili wake, kana kwamba inatona. Cecil anaisoma juu ya bega lake, ameivua ile kofia ya plastiki. Na Ladislaus amewapa wote wawili mgongo, kichwa ameinamisha kuelekea mlango wa kituo, anasikiliza mota. Ndivyo alivyowaacha, na hakuwaona tena.